Misitu ya Ndugu Zetu wa Komoro na Mzizi wa Dhulma

Sifa zote njema zamstahikia Mwenyezi Mungu, Aliyeteremsha maji kutoka mbinguni kwa kipimo akayatuliza ndani ya ardhi, na Aliyeotesha miti ya milimani pasi na mkono wa mpandaji. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na Aali zake, na Sahaba zake, na kila mwenye kuwafuata kwa wema hata Siku ya Malipo.

Ama baad. Katika darsa zetu tumekuwa tukisoma mlango wa ihyaul-mawat, yaani kuhuisha ardhi iliyokufa, na masuala yake yametuvusha bahari yakatupeleka visiwa vya Komoro. Tumeona yapasa kuyaandika hapa, kwani si wasomaji wetu wote wahudhuriao darsa, na jambo lenyewe lahusu maji ya Waislamu, ardhi ya Waislamu na dhima ya Waislamu mbele ya Mola wao.

Twajua kuwa yuko atakayesema: Masheikh hawa wamekwisha masuala ya Sala na Zaka, hata sasa watuletea khabari za miti ya watu? Twamjibu kwa upole: ndugu yetu, hiyo Sala huisimamisha kwa udhu, na udhu huupata kwa maji, na maji hayo yana njia zake alizozijaalia Mwenyezi Mungu. Mwenye kuikata njia hawezi kusema kuwa hakuwazuia wapitao.

Na kama yuko asemaye kuwa Komoro ni mbali, basi huyo hajui nasaba yake. Ni nani katika watu wa pwani hii asiye na mjomba, au mkwe, au mwalimu wa Kingazija? Sayyid Ahmad bin Sumeit, aliyekuwa Kadhi wa Unguja na bahari ya ilimu iliyotekwa na watu kutoka Lamu hata Kilwa, alizaliwa Itsandra, Ngazija, mwaka 1861, akafariki Unguja mwaka 1925. Kwake alisoma Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, ambaye kalamu yake ndiyo iliyotufungulia mlango huu wa kuandika dini kwa Kiswahili katika magazeti. Habib Saleh wa Riyadha, Lamu, naye asili yake ni Ngazija. Juu ya yale ambayo wengine wetu hatukuafikiana na watu wa Riyadha katika mambo ya maulidi, hapana mwenye insafu anayekanusha kuwa Sayyid yule aliwafundisha watu waliokuwa hawafundishwi. Basi likiwafika watu wa Komoro jambo, limefika nyumbani kwetu.

Dola ya Komoro iliyopata uhuru mwaka 1975 ina visiwa vitatu: Ngazija, Nzwani na Mwali. Kisiwa cha nne, Maore, kingali chini ya Ufaransa. Vyote ni milima iliyotoka baharini kwa moto wa ardhini. Mlima Karthala wa Ngazija, wenye urefu wa mita 2,361, ungali hai. Ulitoa moto wake mwaka 2005 na baada yake. Na hapa pana ajabu ya kutaamali. Ule mwamba uliomiminika ukiwa moto, ukapoa ukawa mweusi kama kisahani cha chuma, haukai hivyo milele. Huanza ukungu mweupe kushika juu ya jiwe, kisha mimea midogo katika nyufa, kisha vichaka, na baada ya umri wa watu wengi huwa msitu. Hapana aliyepanda, wala aliyetia maji, wala aliyepalilia. Mwenyezi Mungu ametuuliza katika Sura ya Al-Waqia khabari ya mbegu na ya mti wa kuni: ni sisi tulioviotesha, au ni Yeye? Mwenye kuutazama mwamba wa Karthala hana haja ya kufikiri sana katika jawabu.

Wataalamu wa misitu, kila wanapohesabu misitu ya nchi, huigawa mafungu mawili: misitu iliyopandwa na watu, na misitu iliyojiotea yenyewe. Fungu hili la pili ndilo tunalolisema. Msitu wa namna hii haujai kwa miti mikubwa tu. Chini ya mti mkubwa mna mti mdogo, na chini ya mdogo mna mche, na chini ya mche mna mbegu iliyoangushwa na ndege au popo. Ni kama mji wenye wazee, vijana na watoto. Akifa mzee, mahali pake hushikwa na kijana aliyekwisha kulelewa kivulini. Mji ambao wazee wake wangalipo lakini watoto wote wameondolewa, je, mwasema mji huo u hai? Una watu leo, na mauti yake yamekwisha andikwa.

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa sehemu kubwa ya misitu ya Nzwani na ya Ngazija. Mkulima huingia msituni na panga lake, akafyeka kila kilicho chini, akapanda migomba na majimbi katika kivuli cha miti mikubwa, kwani udongo wa humo ni mzuri na una unyevu. Ile miti mikubwa huiacha kwanza. Mwenye kutazama kutoka baharini, akiwa ndani ya jahazi, huona kijani kibichi na kusema: Mashaallah, msitu mzuri. Lakini ukiingia ndani huoni mche hata mmoja wa mti wa asili. Kila mwaka hupaliliwa pamoja na magugu. Baada ya miaka, mti mmoja huanguka kwa upepo, mwengine huchomwa shinani ili jua liingie, mwengine hukatwa mbao, na hapana kijana wa kuushika mahali pake. Au mahali pake hushikwa na mipera ya porini na midarabi iliyoletwa kutoka nchi za mbali, ambayo huzaana upesi na kuwasonga wenyeji.

Kwa sababu hii hesabu zenyewe za misitu ya Komoro zimewatatiza wanaohesabu. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, katika ripoti yake ya mwaka 2010, lilisema kuwa misitu ya visiwa hivi ilikuwa hektari 12,000 mwaka 1990, ikapungua hata 3,000 mwaka 2010. Na kwamba baina ya mwaka 2000 na 2010 ilikuwa ikipungua zaidi ya tisa katika mia kila mwaka, kasi ambayo katika ripoti ile hapana nchi iliyoipita. Ripoti zilizofuata zikatoa hesabu kubwa zaidi kuliko hizo, kwa kuwa kipimo na picha zilizotumiwa si zile zile. Wako watakaoshika hitilafu hii wakasema: Mwaona, hawajui watendalo, basi na tuendelee na mapanga yetu. Hiyo ni hoja ya mtu ambaye waganga wawili wamehitilafiana juu ya kadiri ya homa yake, akasema kuwa yeye ni mzima. Hesabu hizo zote, kubwa na ndogo, zaelekea upande mmoja, nao ni chini.

Ni haki tuseme vile vile jambo lilivyoanza, maana si uadilifu kumlaumu mkulima maskini peke yake. Mwaka 1885 Mfaransa Léon Humblot alifanya mkataba na Sultani Said Ali wa Bambao, akapata haki juu ya ardhi kubwa ya Ngazija, na miti ya mlima Karthala ikaanza kukatwa kwa mashine na kuuzwa. Huko Nzwani ardhi nzuri za mabondeni na za pwani zilishikwa na makampuni na mabwana wa mashamba, wakapanda miwa, kisha vanila, mikarafuu na milangilangi. Wenyeji waliobaki bila ya ardhi wakakwea milimani, mahali penye mteremko mkali ambapo mababu zao hawakulima. Dhulma ya mwenye nguvu ilimsukuma mnyonge, na mnyonge akausukuma msitu.

Makampuni yale yamekwisha, lakini watu wameongezeka. Nzwani ni kisiwa cha kilomita 424 za mraba tu, na hesabu ya watu ya mwaka 2017 ilikuta humo watu zaidi ya laki tatu. Kila mtu ataka kula, na kila jungu lataka kuni. Juu ya kuni za chakula pana kuni za langilangi. Maua yake huchumwa alfajiri, hutiwa katika mtungi mkubwa wa mtambo na kukenekwa kwa moto mchana na usiku hata mafuta yatoke. Na mafuta hayo huenda Ufaransa kutiwa katika manukato ya wanawake ambao hawajui Nzwani iko wapi. Hatusemi kuwa biashara hii ni haramu. Ni halali, nayo huwalisha watu wengi. Twasema kuwa katika bei ya chupa ile ya manukato haikutiwa bei ya mlima uliobaki uchi. Wako wenye mitambo waliobadilisha majiko yao ili yale kuni chache, na hao twawaombea baraka katika mali yao.

Sasa na tutazame maji. Ngazija haina mito ya kudumu. Mwamba wake una matundu na mvua huzama papo hapo, na watu tangu zamani hutegemea birika za mvua. Lakini Nzwani ilikuwa nchi ya mito. Manahodha wa zamani, Waarabu kwa Wazungu, walikuwa wakitia nanga huko kwa ajili ya maji matamu. Katika umri wa wazee walio hai, kisiwa kile kilikuwa na makumi ya mito itiririkayo mwaka mzima. Leo iliyobaki hivyo ni michache, kiasi cha kumi hivi; mingine huja kwa kishindo wakati wa masika, ikavunja madaraja na kuchukua udongo mwekundu mpaka baharini ukafunika matumbawe, kisha wakati wa kiangazi huwa mawe matupu. Msitu hauumbi mvua. Muumba ni Mwenyezi Mungu. Lakini Ameujaalia kuwa mweka amana: huipokea mvua kwa majani, huivunja nguvu, huinywesha ardhi kidogo kidogo, na juu ya vilele hunasa ukungu ukadondoka matone. Ukimwondoa mweka amana, mali yote hutolewa siku moja na kupotea. Mafuriko ya Aprili 2012 na kimbunga Kenneth cha Aprili 2019 viliwakuta watu wa Komoro na milima iliyokuwa haina tena nguo yake ya zamani.

Imepokewa na Ibn Majah kuwa Mtume (s.a.w.) alimkataza Saad kufanya israfu katika maji ya udhu, hata akiwa penye mto upitao. Isnadi yake ina maneno, nasi hatuifichi; lakini maana yake yaafikiana na misingi ya Sharia. Basi ikiwa haifai kumwaga ovyo maji ya mto, ni ipi hukumu ya kuumaliza mto wenyewe?

Hapa ndipo tunapofika penye suala la darsa. Mkulima wa Nzwani akiulizwa kwa nini amefyeka, huleta hoja ya kisharia, wala si hoja dhaifu. Husema: Mtume (s.a.w.) amehukumu kuwa mwenye kuhuisha ardhi iliyokufa, ardhi hiyo ni yake, nami nimeihuisha kwa jasho langu, na hapana aliyekuwa akiimiliki. Hadithi hii ni thabiti, imo katika Abu Daud na Tirmidhi, na mfano wake umo katika Bukhari kutoka kwa Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amuwie radhi. Na kitabu cha Minhaj at-Talibin cha Imam Nawawi, ambacho ndicho tegemeo la makadhi wa Komoro kama kilivyokuwa tegemeo la makadhi wetu, kina mlango mzima wa jambo hili.

Lakini mwenye hoja amesoma nusu ya mlango. Kwanza, hadithi ile ile kwa mapokezi ya Abu Daud na Tirmidhi ina tamko la pili, ambalo Mtume (s.a.w.) amekanusha kuwa mzizi wa dhulma una haki yoyote. Wanazuoni wameeleza kuwa mzizi wa dhulma ni kama mtu kupanda mti katika ardhi ambayo haki yake ni ya mwengine, ili aipate kwa njia hiyo. Haitazamwi kazi aliyoifanya, wala jasho lake, wala uzuri wa mgomba wake. Hutazamwa kwanza kama alikuwa na haki ya kutia mzizi hapo.

Pili, wanazuoni wa madhehebu yetu wamesema wazi kuwa harimu ya ardhi iliyojengwa haimilikiwi kwa kuhuisha. Harimu ni yale yanayozunguka kijiji au kisima, ambayo hapana budi nayo ili manufaa yao yatimie. Kisima kina harimu yake: huruhusiwi kuchimba karibu nacho kisima kingine kitakachoyakausha maji yake. Haya yamo vitabuni na kila mwanafunzi ameyasoma. Sasa twauliza: ikiwa mwenye kuchimba karibu na kisima cha mtu mmoja huzuiliwa, huyo afyekaye kilele kinachonywesha vijiji saba atapitishwa kwa hoja gani? Kwa rai yetu, msitu ulio juu ya chemchemi ni harimu ya chemchemi, na chemchemi ni haki ya wote walio chini yake. Ardhi hiyo si mauti. Ni hai kuliko shamba, na anayesema kuwa anaihuisha anaiua. Hii ni rai tuliyoitoa katika misingi ya wanazuoni, wala hatuwanasibishi matamshi ambayo hawakuyatamka. Mwenye rai iliyo nzuri zaidi atuletee, tutaichapisha.

Na tatu, Mtume (s.a.w.) mwenyewe aliweka hima ya Naqii, akaiharimisha Madina na miti yake isikatwe. Abu Daud amepokea makemeo makali juu ya mwenye kukata mkunazi, kisha yeye mwenyewe akafasiri kuwa makusudio ni mkunazi wa nyikani ambao msafiri na mnyama hupata kivuli chake, ukakatwa kwa upuzi na dhulma, bila ya haki. Na katika Muwatta ya Imam Malik imo wasia wa Sayyidna Abubakar kwa jemadari wake alipokuwa akienda vitani Shamu, kuwa asikate mti wenye matunda. Miti ya adui iliheshimiwa wakati wa vita. Miti ya kijiji cha Waislamu wakati wa amani yakatwa, na mwenye kukata asali sala ya mbele.

Lakini na dharura je? Mtu mwenye watoto sita, hana ardhi bondeni, hana kazi mjini, je, twamwambia afe na njaa ili mto upite? La. Dini yetu haisemi hivyo, na mwenye kumwambia hivyo hali yeye mwenyewe tumbo lake limejaa, maneno yake ni kero. Kanuni ya wanazuoni ni kuwa dharura huhalalisha kwa kadiri yake, na kanuni ya pili ni kuwa madhara hayaondolewi kwa madhara. Anayepanda majimbi ya kula nyumbani si sawa na mfanyabiashara aingizaye msumeno ili auze mbao, wala si sawa na mkubwa wa serikali ambaye amepewa dhima ya mlima akafumba macho. Dhambi huenda kwa kadiri ya uwezo. Tena mwenye uwezo ana faradhi juu yake ya kumtafutia maskini njia nyingine, kwani kumkataza mtu chakula chake bila ya kumwonyesha kingine si kuamrisha mema.

Tukifika hapa hatuwezi kuinyamazia ile ada ya harusi kuu ya Ngazija. Mtu hukaa Ufaransa miaka ishirini, akifanya kazi ya kufagia na kuosha vyombo, akirudi na fedha yake huimaliza kwa siku kadha wa kadha katika dhahabu, ng'ombe, karamu na mavazi, ili apate kuketi mahali pa wakubwa katika uwanja wa kijiji na kusikilizwa neno lake. Hatusemi kuwa harusi ndiyo iliyokata msitu. Twasema kuwa kijiji kile kile kilichopikiwa biriani ya ng'ombe ishirini hakina birika lisilovuja, na vijana wake wakwea mlimani na panga kwa kukosa mtaji wa kitu kingine. Fedha ilikuwapo, ilipita mbele ya macho ya watu wote kwa ngoma na vifijo. Na sisi wa pwani tusicheke: harusi zetu za Mombasa zaelekea huko huko.

Sasa tuseme neno ambalo ni zito kwetu sisi tunaoitwa watu wa islahi. Katika Komoro, kama katika pwani yetu, pana mahali pa msitu, pana maziwa na pana mibuyu ambayo watu waliiogopa kwa kuamini kuwa ni makao ya majini. Walipeleka ubani, maziwa na damu ya kuku, na hawakukata hata kijiti. Sisi tumelikataza jambo hili, na tutalikataza maadamu tuna pumzi, kwani kumwabudu asiyekuwa Mwenyezi Mungu ni shirki, na shirki haipati msamaha kwa kuwa imesaidia kuhifadhi mti. Lakini sahibu yetu mmoja katika darsa alileta pingamizi, nayo twaiona ina nguvu. Alisema: Mwamwondolea mtu khofu ya jini, naye siku ya pili huenda na shoka akaukata mbuyu, akasema amefanya tawhidi. Je, hii ndiyo tawhidi?

Tulimjibu kuwa hiyo si tawhidi hata chembe. Mti haukuwa na kosa. Aliyekosa ni mwenye kuuomba. Masahaba walipovunja masanamu hawakuvunja jiwe kwa kuwa ni jiwe. Sayyidna Omar, kama inavyopokewa, aliukata mti wa Hudaibiya kwa khofu ya fitina ya watu kuusalia chini yake, na huo ulikuwa mti mmoja kwa sababu iliyo wazi, si ruhusa ya kufyeka majabali. Aliyeacha kuukata mti kwa kumwogopa jini sasa auache kwa kumwogopa Aliyemuumba jini na mti. Na kama mlinganiaji amefika kijijini akahubiri dhidi ya ubani na kuku, kisha akapanda gari akaondoka, asifundishe haki ya chemchemi na harimu yake, basi amevunja nyumba kabla ya kujenga, na watu wake wamelala nje.

Wako waliokwisha anza kujenga. Mwali, kisiwa kidogo kuliko vyote, kilibakisha sehemu nzuri ya msitu wake, na huko ndiko ilikowekwa hifadhi ya kwanza ya nchi ile, ya bahari, mwaka 2001, kwa mapatano na vijiji vyenyewe. Nzwani pana jumuiya iitwayo Dahari, iliyoanza mwaka 2013; nasi kwa lugha yetu twajua dahari ni nini. Kazi yao huanza na mkulima: humsaidia kupata mazao zaidi katika shamba alilo nalo bondeni, ili asiwe na haja ya kukwea. Kisha ndipo husema naye habari ya kupanda miti na kuacha iliyopo. Utaratibu huu twaupenda, kwani ndio utaratibu wa kisharia tuliousema juu.

Na wamejishughulisha khasa na popo. Msomaji asicheke. Yuko popo mkubwa mweusi, bawa lake pana kuliko mkono wa mtu, ambaye haishi popote duniani ila Nzwani na Mwali. Wazungu wamempa jina la Livingstone. Hula matunda ya msituni na kudondosha mbegu mbali na mti mama, hasa za mikuyu, hata mahali palipofyekwa. Ni mpandaji asiyelipwa. Hulala mchana katika miti mirefu iliyo kwenye miteremko, na miti hiyo ikikatwa hana pa kwenda. Basi Dahari wamefanya mapatano na wenye mashamba yaliyo na miti hiyo, ili iachwe isimame. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa Muislamu akipanda mti, akila humo mtu, au ndege, au mnyama, huandikiwa sadaka. Twatumai kwa fadhila za Mola kuwa mwenye kuuacha mti kwa ajili hiyo hatanyimwa fungu lake.

Wengi hudhani kuwa dawa ni kupanda tu: siku ya sherehe, waziri, miche elfu, picha katika gazeti. Kupanda ni kwema, hata kama Kiyama kimesimama na mche u mkononi mwako, ndivyo tulivyoagizwa. Lakini miche ya mti mmoja ulioletwa kutoka ng'ambo, iliyopangwa safu safu kama askari, si badala ya msitu uliojizaa. Mara nyingi katika mlima mchovu kitakiwacho ni kidogo kuliko kupanda na kigumu kuliko kupanda, nacho ni kuuacha: usilimwe, usichomwe, mbuzi wasiingie, mipera ya kigeni ing'olewe, na aliyekwisha otesha tangu mwanzo ataotesha tena. Kuacha hakuna picha, ndiyo maana hakuna apendaye.

Wa pwani ya Kenya twaijua hali hii kwa mikoko. Sehemu kubwa ya mikoko ya nchi hii iko Lamu, na boriti zake zilipaua nyumba za Arabuni kwa karne nyingi, mpaka serikali ilipokataza kuzipeleka nje mwaka 1982. Mkoko nao hujipanda: tunda lake hushuka likiwa limekwisha toa mche, likachoma matope na kusimama. Ukikata kwa kuchagua hurudi. Ukifyeka wote matope huchukuliwa na maji, na wavuvi huja kuuliza samaki wamekwenda wapi.

Baada ya darsa tuliulizwa masuala mawili. La kwanza: je, yafaa kuufanya msitu wakfu? Jawabu: aliye na ardhi yake mwenyewe yenye miti, yafaa aiwakifu, na masharti yake yatafuatwa. Aweza kusharutisha kuwa zichukuliwe kuni kavu zilizoanguka tu, na chemchemi yake iwe ya watu wote, na msimamizi awe imamu wa msikiti au mtu mwaminifu wa kijiji. Ama ardhi isiyo ya mtu, raia hawezi kuwakifu asichomiliki. Hiyo ni kazi ya mwenye mamlaka kuifanya hima kwa maslaha ya watu wote.

La pili: mvua ikikatika, je, yafaa watu waende makaburini kwa mawalii kuiomba, kama inavyofanywa huko na huku? Jawabu: mvua huombwa kwa Mwenyezi Mungu kwa Sala ya Istisqaa, nayo ni sunna iliyothibiti. Na wanazuoni wametaja kuwa kabla ya kutoka kwenda uwanjani, imamu huwaamrisha watu watubu na warudishe dhulma walizonazo mikononi mwao, kila mtu kwa mwenye haki yake. Tuliulizwa tena na kijana mmoja kama shamba lililofyekwa juu ya chemchemi limo katika dhulma hizo za kurudishwa kabla ya kusali. Tukamwambia kuwa limo.

Wallahu aalam.